TB sugu: chanjo haijali dawa ipi imeshindwa

Ukiuliza kifua kikuu sugu kinatoka wapi, jibu huja haraka: wagonjwa hawamalizi dozi. Si uongo. Mtu ameshameza vidonge wiki sita, kikohozi kimekata, kilo zimerudi, na mkojo mwekundu unaoletwa na rifampisini, dawa kuu ya TB, umemchosha. Miezi minne na nusu iliyobaki anaona ya nini? Ila lawama hiyo inaficha nusu ya habari. Wengi wanaougua TB sugu hawajaruka kidonge hata kimoja. Waliivuta hewani ikiwa sugu tayari, kutoka kwa mwenzao aliyekuwa akikohoa chumba kimoja nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 waliougua TB isiyosikia rifampisini, kwa jumla, ni watu 400,000 hivi.

Hapo ndipo inaposhika hoja kwamba chanjo ya TB itapunguza TB sugu pia. Kinga ya mwili haijali kama kimelea kinaiogopa rifampisini au hakiiogopi. Na mfano upo: Afrika Kusini ilipoanza kuwapa watoto chanjo ya nimonia, PCV, mwaka 2009, maambukizi makali yasiyosikia penisilini nayo yalipungua.

Tuliyo nayo ni BCG, ile ya kovu dogo mkononi, iliyoanza kutumika mwaka 1921. Humkinga mtoto na TB ya utando wa ubongo, lakini kwa mapafu ya mtu mzima kinga yake ni hafifu. Matumaini sasa yako kwa chanjo ya majaribio, M72/AS01E, iliyojaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini kwa watu wazima wenye vimelea ambao hawajaugua. Baada ya miaka mitatu, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 50 hivi. Jaribio kubwa la mwisho lilianza mwaka 2024.

Lakini tutazame hiyo asilimia 50 kwa karibu. Imetokana na wagonjwa 39 tu: 13 kwa waliochanjwa, 26 kwa wasiochanjwa. Wenye VVU hawakuwemo. Kwa hesabu ndogo hivyo, kusema itapunguza TB sugu ni hoja yenye mantiki. Ushahidi wake bado.

Halafu nani ataipeleka? Mtoto ana kadi, siku ya kliniki na mama wa kumbeba. Dereva wa bodaboda hana kliniki, na chanjo hii ni sindano mbili zinazopishana mwezi mmoja. Nakubali, kurudi mara moja si sawa na kumeza vidonge miezi sita.

Wanaohofia kuwa chanjo itanyang'anya fedha za vipimo na tiba wana hoja nzito zaidi. Mashine ya GeneXpert husoma makohozi na kutambua usugu wa rifampisini ndani ya saa mbili, lakini katriji, vile vikasha vya kupimia, zikiisha inabaki pambo la maabara. Tiba ya TB sugu ya vidonge vya miezi sita, yenye dawa ya bedakwilini, imechukua nafasi ya mwaka na nusu au zaidi wa dawa, sindano zikiwemo, zilizowaachia baadhi ya wagonjwa uziwi. Hivi vinaokoa watu leo. Waziri atakayepunguza bajeti ya vipimo na tiba hizo kwa kusubiri chanjo atakuwa amewaacha walio wodini sasa hivi.

Hata hivyo mimi naegemea kwa wanaoitaka chanjo, kwa sababu moja: bedakwilini yenyewe, tegemeo la tiba hiyo, tayari imeanza kukutana na vimelea visivyoisikia, Afrika Kusini na Msumbiji.