Deni la dola 640 linavyomtoa mtu chuoni

Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, dada mmoja tunayesali naye hapa Columbus, Ohio, alinivuta kando na bahasha iliyokunjwa mara nne. Ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, akaishi kambini Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Muhula uliotangulia alikuwa ameanza masomo katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, akiwa na nia ya kuwa muuguzi. "Kaka, nisomee hii," akasema. "Wananidai, na mimi sikukopa kitu."

Ni kweli, hakukopa. Alipewa ruzuku ya Pell, ile pesa ya serikali kuu ambayo hairudishwi. Katikati ya muhula zamu yake ya usiku katika nyumba ya wazee ilibadilishwa, ikawa inaisha saa moja asubuhi. Darasa la baiolojia lilianza saa mbili, upande wa pili wa mji, mabasi mawili. Akajitahidi, akachelewa, akaona aibu kuingia darasani kila mara wenzake wakiwa wameshaanza, mwishowe akaacha kwenda. Hakumwambia mtu yeyote chuoni kwa sababu hakujua kuna mtu wa kuambiwa.

Hapo ndipo kanuni ilipomkamata. Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya ruzuku huhesabiwa kuwa hukuistahili. Chuo hurudisha pesa hiyo serikalini, kisha hukugeukia wewe. Kwake ilikuwa dola 640, na mpaka azilipe, akaunti yake imefungwa. Hawezi kujiandikisha hata kwa somo moja. Aliacha wiki ya nane katika muhula wa wiki kumi na sita. Angevumilia wiki mbili tu, deni hilo lisingekuwepo.

Ninayaandika haya kwa sababu siku hizi nasikia furaha kwamba wanafunzi wanarudi kwenye vyuo vya jamii. Wanarudi kweli, na mimi nimefurahi. Lakini tukumbuke wametoka wapi. Mwaka 2010 vyuo vya miaka miwili nchini humu vilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 7.7. Kufikia 2021 walikuwa kama milioni 4.7. Sehemu ya pengo hilo ni ya makaratasi tu, kwa kuwa vyuo kadhaa vilianza kutoa shahada na vikahamishiwa kundi la vyuo vya miaka minne. Sehemu kubwa ni watu. Kwa kawaida uchumi ukiyumba, watu hukimbilia vyuo hivi kutafuta ujuzi mpya. Mwaka 2020, korona ilipoingia, ikawa kinyume: wanafunzi wapya walipungua kwa karibu mmoja kati ya watano, maana waliotarajiwa kukaa madarasani ndio waliokuwa wakibeba maboksi na kuosha wazee, huku watoto wao wakisomea mezani jikoni.

Na katika ongezeko la sasa, wengi ni wanafunzi wa sekondari wanaochukua masomo ya chuo mapema. Ni jambo jema kwao. Lakini kiti cha yule dada bado kiko wazi.

Kati ya wanaoanza kwa muda kamili, wanaohitimu ndani ya miaka mitatu ni takriban watatu katika kila kumi. Wako wanaohamia chuo kikuu kabla ya kuhitimu, na hesabu hiyo haiwatendei haki. Hata ukiwaondoa hao, wanaopotea njiani ni wengi mno. Kwenye mikusanyiko yetu wenyewe nimesikia wakiitwa wavivu, watu wasio na kichwa cha shule. Kauli hiyo inaniuma, na si ya kweli.

Chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, CUNY, kilianzisha mpango wa ASAP mwaka 2007. Mwanafunzi anapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache wa kuwaangalia, kadi ya usafiri, msaada wa vitabu, na karo iliyobaki baada ya ruzuku inafutwa. Naye sharti asome muda kamili. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa kura. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa ndani ya mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Vyuo vitatu vya hapa Ohio vikauiga: 35 dhidi ya 19. Vichwa vilikuwa vilevile, mitihani ileile. Kilichoongezeka ni nauli, vitabu, na mtu anayekupigia simu usipoonekana wiki moja.

Hata deni lina dawa. Kaskazini-mashariki mwa Ohio, mwaka 2022, vyuo nane vya umma vilikubaliana kuwasamehe hadi dola 5,000 wanafunzi wa zamani wanaorudi masomoni. Dada yetu hakusoma upande huo. Mimi sioni sababu ya mpango kama huo kutoenea jimbo zima, na nimemwandikia mbunge wetu kumwambia hivyo.

Wewe unayesoma ukiwa unafikiria kuacha, nenda kwanza ofisi ya misaada ya fedha uulize asilimia 60 ya muhula inaangukia tarehe gani. Uliza hata kama Kiingereza chako kinakwama. Ukitaka nikusindikize, nitakuja.

Na sisi jamii: tukifiwa, tunachanga maelfu kabla ya jua kuzama. Harusi ndiyo usiseme. Dada amekwisha kulipa dola 200 kutoka mshahara wake, zimebaki 440, na muhula unafunguliwa mwezi wa nane. Jumamosi ijayo nitakuja na daftari la michango, na jina la kwanza ndani yake ni langu.