Ukutubi unakufa? Tuangalie kwanza ni nini hasa kinachokufa

Kijana akisema anataka kusomea ukutubi, yaani utaalamu wa kazi za maktaba, lazima atokee mtu wa kumcheka, "utasomea kupanga vitabu? Google ipo, akili bandia nayo imeshaingia, unaenda kutafuta nini huko?" Upande wa pili wapo watu wa maktaba wenyewe wanaomjibu kwa mashairi, oh maktaba ni moyo wa jamii, oh kazi hii ni wito. Mie naona wote wawili hawamsaidii huyo kijana, ila ukweli usemwe, huyu wa kwanza ndo anapotosha zaidi maana anaizika kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa.

Ukimbana sana atakutajia namba. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walichukua kazi 702 za Marekani wakapiga hesabu ya uwezekano wa kila moja kufanywa na kompyuta, mkutubi akapata asilimia 65. Watu wameidaka hiyo 65 na kukimbia nayo mpaka leo. Sasa subiri kwanza tuitazame. Kwenye orodha hiyohiyo msaidizi wa kiufundi wa maktaba amepewa 99 na karani wa maktaba 95, yaani watu wa jengo moja, wanaoingia kwa mlango mmoja, lakini hesabu zao zimeachana hivyo. Kwa nini? Halafu mhasibu kapewa 94, na sijawahi kusikia mzazi anamkataza mwanawe uhasibu kwa sababu ya Oxford, tena anamlipia ada anamsifia kwa majirani. Na hiyo 65 haisemi kwamba kati ya wakutubi mia watafukuzwa 65, wala haina tarehe ya uhakika, wenyewe waliandika labda muongo mmoja au miwili. Walikuwa wanapima kama kitaalamu inawezekana, basi, si kama mwajiri atakuwa na hela ya mashine au kama watu wataikubali.

Mie jibu la "kwa nini" nalitafuta kwenye ile tofauti ya 65 na 99. Ile 99 ni kugonga mhuri, kupokea vitabu, kubandika lebo, kurudisha rafuni, kuwakumbusha waliochelewesha. Hizo mashine za kujihudumia zimeshaanza kuzila na zitaendelea, sioni haja ya kubishana. Shida ni kwamba mtu anayeingia maktaba mara mbili kwa mwaka anaona hizo tu, kwa hiyo akisikia "mkutubi" picha inayomjia ni mhuri.

Tuchukue mfano. Mtu kaja mezani kauliza, "mna vitabu vya sheria?" Ukimnyooshea kidole rafu ilipo akaenda zake, umefanya kazi ambayo kibao cha ukutani kingeifanya bila mshahara. Mkutubi aliyefundwa anauliza taratibu, sheria ya upande gani, ni ya kusomea au kuna jambo limetokea? Yule anasita, anasema ni mambo ya nyumba. Nyumba ya kununua au ya kupanga? Ya kupanga. Kidogo kidogo anatoa mfukoni karatasi imekunjwa mara nne, ni notisi ya kuhama na imebaki wiki moja tu. Kumbe hakutaka kitabu kabisa, alitaka kujua notisi inapingwa kwa fomu ipi, inapelekwa ofisi gani, mwisho lini, na nani anatoa msaada wa kisheria bure. Mkutubi hamwambii utashinda au utashindwa, hiyo si kazi yake na akithubutu amekosea, ila anamfikisha kwenye maandishi sahihi na mtu sahihi kabla siku hazijaisha. Kwenye fani wanaita mahojiano ya rejea na inafundishwa kabisa, haitokei tu kwa sababu mtu ana roho nzuri.

Akili bandia ukiiuliza kuhusu vitabu vya sheria itakupa vitabu vya sheria, tena kwa kujiamini sana. Mwaka 2023 kuna mawakili New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani maamuzi ya kesi ambazo hazijawahi kuwepo, ChatGPT ndo ilizibuni. Hao ni mawakili jamani, si wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mtu anayejua kuhakiki kama chanzo kipo kweli, kimetoka wapi na kinasema hicho kinachodaiwa, mie simwoni akikosa kazi ya kufanya. Kulipwa vizuri kwa kazi hiyo ni suala lingine, nalijia.

Na wala si mara ya kwanza kompyuta kuambiwa imekuja kuua fani hii. Miaka ya 1960 Henriette Avram, mwandishi wa programu ambaye hata digrii ya ukutubi hakuwa nayo, aliongoza kazi ya kutengeneza MARC pale Maktaba ya Bunge la Marekani, mfumo unaoiwezesha kompyuta kusoma taarifa za kitabu. Baada ya hapo maktaba moja ikishaorodhesha kitabu nyingine zinachukua rekodi ileile, kazi ya kurudia ikapukutika. OCLC, shirika la huduma za maktaba lililokuwa linachapa kadi za katalogi, zile kadi za kutafutia vitabu, liliacha kabisa 2015. Kadi zimekwenda, lakini mwandishi yuleyule bado kitabu kimoja kinamwandika Mohamed, kingine Muhammad, cha tatu herufi ya kwanza tu, na bila mtu wa kuamua kwamba huyu ni mmoja na yule mwenye jina kama lake ni mwingine, msomaji anapata nusu ya vitabu anaondoka akidhani ndo vyote.

Sasa upande wa wanaokataza. Wana hoja, na ya mashine ndo dhaifu kuliko zote. Nafasi ni chache, kwa sababu maktaba moja inahitaji wakutubi wachache na wakishakaa hawatoki. Marekani nafasi nyingi za ukutubi zinataka shahada ya uzamili, unaingia gharama ya miaka ya chuo halafu unakutana na mkataba wa saa chache kwa wiki. Uingereza tangu 2010 mamia ya maktaba za umma zimefungwa, na zilizofunga si Google bali bajeti za halmashauri. Halafu kuna hiyo habari ya wito. Mkutubi Mmarekani Fobazi Ettarh aliandika mwaka 2018 akionya kwamba kuitukuza kazi kama kitu kitakatifu kunawafanya wafanyakazi waone aibu kudai mshahara, mapumziko na usalama wao, na hapo mie namkubali moja kwa moja. Ukisikia mwajiri anausifu sana moyo wako wa kujitolea, uliza mshahara.

Kwa hiyo wa kuingia nani? "Napenda kusoma" haitoshi, kazini hutasoma, utashinda na watu wenye maswali, na mikataba ya majarida, na mfumo uliogoma. Ranganathan wa India, ambaye wakutubi wengi duniani wamezisoma sheria zake tano za ukutubi za 1931, alikuwa mwalimu wa hisabati aliyepewa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, na haikuchukua muda akachoka akaomba arudi kufundisha. Kilichombadilisha ni kupelekwa London kusoma na kuziona maktaba ambazo watu wanazitumia kweli. Nawe nenda kajitolee mezani, tena kipindi cha mitihani, sio siku tulivu.

Ukishaingia, usijenge jina lako juu ya zile kazi za 99. Koha, programu ya maktaba iliyoanzia New Zealand, ni ya bure na iko wazi, iweke kwenye kompyuta yako uivuruge mpaka uielewe. DSpace ya kuhifadhia machapisho ya vyuo nayo ni bure. Wakutubi wa tiba wanaandaa utafutaji wa tafiti unaotegemewa kwenye mapitio ya kitaalamu ya dawa na matibabu, mstari mmoja wa maneno ya kutafutia ukikosewa tafiti zinaachwa nje na hakuna anayejua. Wa data, wa sheria, wa nyaraka za kidijitali, wote hao wanaweza kuhamia ofisi ambazo hazina hata rafu moja ya vitabu, na wengine hawaitwi wakutubi tena huko waliko. Ila kama shahada yenyewe inataka mkopo mkubwa na hujawahi kufanya kazi maktaba hata mwezi, anza kama msaidizi kwanza, ujue kama unaiweza, na uulize kama mwajiri ana utaratibu wa kusomesha.