Shangazi aliuliza habari za mayai

Huku Ujerumani ninakoishi, ukitaka chakula cha jioni kiingie mchanga, taja seli shina za viinitete, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina yoyote mwilini, zinazotolewa kwenye yai lililorutubishwa linaloanza kukua. Juzi majirani zangu walibishana hadi supu ikapoa: kiinitete cha siku tano ni mtu, au bado? Sheria yao ya 1990 inakataza kukiharibu kwa utafiti. Ila ile ya 2002, iliyorekebishwa 2008, inaruhusu kuagiza seli zilizokwisha tengenezwa nje, mradi ziwe za kabla ya Mei 2007. Kuchinja hataki, lakini kitoweo kikija sahani anayo! Afadhali Waingereza, wametamka wazi: kukichunguza kiinitete mwisho siku 14, na tangu 2001 hata kloni ya tiba ruksa, yaani yai la mwanamke linatolewa kiini chake chenye vinasaba, linawekewa kiini cha seli ya mgonjwa, ili zipatikane seli zinazoendana na mwili wake.

Nilipokuja likizo Mikindani nilimsimulia shangazi. Alikuwa barazani anabangua korosho, vidole vimepakwa jivu lakini bado vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nilitegemea anipe jibu la madrasa, maana kwetu tumekua tukisikia roho hupulizwa siku ya 120. Wapi! Alipasua ganda, akatoa kiini kizima, akaniangalia.

"Hayo mayai, baba, wanayatoa wapi? Na huyo mwanamke mwenyewe anapata nini?"

Miaka yote ya kukaa kwenye meza za wenzetu, swali hilo sikuwahi kulisikia. Na si la kizamani. Hwang Woo-suk, mwanasayansi wa Korea Kusini, alitamba 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kwa njia ya kloni. Ikabainika ni uongo, na mayai zaidi ya 2,000 ya wanawake yalikuwa yameshatumika, mengine ya watafiti waliokuwa chini yake kazini. Kabla ya kutolewa mayai hayo, mwanamke huchomwa sindano za homoni siku kadhaa.

Sisemi utafiti ukome. Binamu yangu ana selimundu, najua usiku wa maumivu unavyokuwa. Ila moyo wangu uko kwa Yamanaka, mwanasayansi wa Japani aliyeanza na panya 2006, mwaka uliofuata akageuza seli za ngozi ya binadamu kuwa kama seli shina, bila yai la mtu.

Shangazi nilipomweleza hiyo ya ngozi, alitazama vidole vyake akacheka. "Yangu wakiichukua watapata mafuta ya korosho." Akanisukumia jivu na nyundo.