Bibi Kafika

Najua habari yangu mshaipata. Rafiki yangu wa bao kaitembeza mji mzima na kutia chumvi: eti niliagiza na wali. Uongo! Wali sikuutaja. Nilitaja mabaazi.

Tupo barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa mkononi. Kifaa changu cha kusikia kipo kabatini, maana nikikivaa kinapiga mluzi kama refa wa Mkwakwani. Daktari alishanieleza: uzeeni sikio huanza kupoteza sauti nyembamba, za watoto na kina mama, na herufi kama s, f na k zinayeyuka. Mimi naokota kinachobaki, pengine najazia mwenyewe.

Akaja mjukuu wa jirani yetu, yule bi mkubwa aliyekwenda Muheza kwa bintiye kuuguzwa. Sote tulikuwa tunamsubiri arudi. Mtoto akainama, sauti ndogo: "Shikamoo babu. Bibi kafariki."

Mimi nikasikia kafika.

"Alhamdulillahi!"

(Hapo bado ningepona, jamani. Muislamu hushukuru kwa kila hali. Ningenyamaza tu!)

"Lini?"

"Alfajiri, babu."

"Alfajiri yote hiyo! Kapanda koasta gani?"

Kimya. Mwenzangu kaganda, kete mkononi. Muuza kahawa anamimina, kikombe kimejaa, kahawa inateremka vidoleni, naye hata hashtuki. Mtoto machozi yakamlenga. Nikajua ni ya furaha. Nikampapasa kichwa: "Usilie, mjukuu wangu. Mwambie leo apumzike, ila kesho asubuhi nayataka mabaazi yake. Yale ya tui zito."

Ndipo rafiki yangu akanivuta kanzu, akaniwekea mdomo sikioni: "KAFA! BIBI KAFA!"

Hiyo niliisikia. Hata barabara ya pili waliisikia.

Basi, Muheza tukaenda, tukazika baada ya alasiri. Namshika mwanawe mkono wa pole, mabega yanamtikisika, nadhani kilio. Kumbe kicheko kimembana. "Mzee, mama angekujibu kaja kwa miguu." Nikapewa kiti, nikatangulizwa chakula. Kijana angetimuliwa, mvi zangu zinamtimua nani?

Bibi yenu hapa nyumbani bado kaninunia. Kifaa nimekivaa tangu jana, na kweli kinafanya kazi. Leo muuza kahawa kamnong'oneza mteja mgeni, nami nikasikia neno kwa neno: "Ndiye huyo wa koasta."