Hodi tatu zinatosha

Jumatatu iliyopita nilimtoa machozi mama wa watu.

Mhasibu wetu ni mtu mzima, anakaribia kustaafu, na hajawahi kunikosea. Alifika saa moja na nusu asubuhi, akafungua faili la mishahara kwenye folda ya pamoja, akaongeza saa za ziada za watu wawili, akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikawaza, ikawaza, ikamletea kidirisha chenye maneno asiyoyaelewa, naye akabonyeza "sawa" kama tunavyobonyeza sote. Alipolifungua tena, faili lilikuwa jeupe. Ukubwa: baiti 0. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akatazama tena. Baiti 0. Machozi yakamlengalenga, na mimi nimesimama nyuma ya kiti chake nikijua fika kwamba mashine iliyomeza faili lile ni yangu.

Ofisi yetu ni ndogo, ipo Tanga, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge. Seva hatuna. Kuna mashine yangu, mtumba wenye diski ya SSD ya GB 240. Mchana naandikia kodi, za kompyuta si zile za serikali, na kwa kuwa haizimwi ndiyo inayobeba folda ya ofisi nzima. Msinicheke. Nusu yenu mnafanya hivyo hivyo, na kwa nusu iliyobaki folda ya pamoja ni flashi inayopita mkono kwa mkono.

Ijumaa nilipoondoka diski ilikuwa na nafasi ya GB 41 hivi. Jumatatu, sifuri. Mlango ulikuwa na kufuli, hakuna aliyeingia, na panya wa Tanga hawajui kutaipu.

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Amri ya df, inayopima nafasi ya diski, ikaniambia imejaa asilimia 100, bila haya, kama mtoto anayeleta matokeo ya mtihani. Iliniruhusu kufanya chochote kwa sababu tu ext4, mfumo unaopanga mafaili diskini, hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, akiba iliyowekwa na watu waliojua kuna siku kama hii. Hapo mhasibu akasema, kwa upole, "Mwanangu, si uizime uiwashe?" Nikamjibu, "Subiri kidogo, mama," kwa ile sauti ya fundi anayeona anasumbuliwa. Likumbukeni jibu hilo.

Nikaanza na du, amri inayopima uzito wa folda, kutoka kwenye mzizi wa diski, nikashuka folda baada ya folda, kila mara naingia kwenye ile iliyonona kuliko wenzake. Nilidhani ni video. Nilidhani ni mabaki ya masasisho. Nikaishia kwenye folda iliyofichwa, zile ambazo jina lake huanza na nukta ili mwenye nyumba asizione. Ndani, faili moja la maandishi matupu. GB 41! Chukua kamusi zote za Kiswahili zilizowahi kuchapwa, zitaipu neno kwa neno, hazijazi GB 1.

Mwenye faili ni kiendelezi, programu ndogo ya nyongeza, nilichokiweka mwezi mmoja kabla kwenye programu ninayoandikia kodi. Kazi yake ni kunimalizia mistari, kama yule rafiki anayekumalizia sentensi kabla hujafika, na mara nyingi anakosea. Jina silitaji. Uungwana haumo katika hilo. Vipo vingine vya tabia hiyo hiyo na sitaki mtu adhani akikwepa hiki amepona.

Nikasoma mwanzo wa faili. Ijumaa, 21:04. Ni dakika ile ile kifurushi cha intaneti cha ofisi kilipokata roho. Imeandikwa: imeshindwa kuifikia seva. Chini yake mistari thelathini na kitu ikieleza ukoo mzima wa kosa, nani alimwita nani, na aliyemwita aliitwa na nani, mpaka kwa Adamu na Hawa. KB 4 za ukoo. Kisha kinajaribu tena, kinashindwa tena, kinaandika ukoo ule ule tena. Mara 50 kwa sekunde. Hiyo ni KB 200 kila sekunde, MB 720 kila saa. Nikasoma mwisho wa faili: Jumatatu, 05:52, neno la mwisho limekatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Diski ilikuwa imekwisha. Karibu saa 57 mfululizo, na umeme, ule unaokatika ukiwa umebakiza mkono mmoja wa shati kupiga pasi, wikiendi hiyo uliwaka bila hata kupepesa.

Nikalifuta faili. Nikaangalia df. Asilimia 100.

Wanaotumia Linux, mfumo unaoendesha mashine yangu, wanaujua mtego huu. Mimi naujua, na bado ulininasa. Ukifuta faili ambalo programu bado imelishika, umefuta jina tu. Mwili unabaki diskini mpaka aliyelishika aachie. Ni kama kung'oa kibao cha namba mlangoni ukadhani umemhamisha mpangaji. Nikaendesha lsof, amri inayoonyesha nani ameshika faili gani, na huyo hapo: mchakato mdogo wa kiendelezi, umelikumbatia faili ambalo halina tena jina, GB 41 zote kifuani. Ningeizima mashine na kuiwasha, mchakato ungekufa na nafasi ingerudi. Yaani kile kile alichosema mhasibu. Niliuua kwa mkono, nafasi ikarudi, na sikumwambia mtu kwamba mama alikuwa sahihi. Namwambia leo, hapa, ambapo najua hasomi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Bibi yangu alitulea Pangani kwa sheria moja ya mlangoni. Piga hodi, nyamaza. Piga ya pili, nyamaza. Piga ya tatu, na usipoitikiwa "karibu", rudi ulikotoka, utakuja jioni. Huchungulii dirishani. Hugongi mpaka komeo ling'oke. Aliyemo ndani huenda anaoga, anaswali, amelala, au hataki tu kuuona uso wako, na hayo yote ni haki yake. Nilikuwa na miaka sita na nilielewa. Kiendelezi kilichoandikwa na watu wazima wenye shahada kilipiga hodi mara 50 kwa sekunde kwa saa 57. Zidisha mwenyewe: zaidi ya hodi milioni 10. Na kwa kila hodi isiyoitikiwa kikaandika barua ya malalamiko, na barua zote kikazitupa sebuleni kwangu.

Wala maarifa haya si ya bibi yangu peke yake. Robert Metcalfe na David Boggs waliieleza Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya, mwaka 1976: mashine mbili zikisema kwa pamoja kwenye waya mmoja, kila moja inyamaze kwa muda wa kubahatisha, zikigongana tena, zinyamaze kwa muda mrefu zaidi. Unaposhindwa, subiri. Ukishindwa tena, subiri zaidi. Wanafunzi wanaulizwa hilo kwenye mitihani. Ni mistari michache ya kodi, na hicho kiendelezi kinachojigamba kuniandikia kodi kingeweza kuiandika chenyewe.

Kwa nini basi haikuandikwa? Nina nadharia yangu, na kadiri ninavyoifikiria ndivyo inavyonikera. Aliyekitengeneza hajawahi kuishi mahali ambapo intaneti inaisha. Kukatika anakujua: sekunde mbili, ruta inajiwasha upya, maisha yanaendelea. Lakini kuisha? Kifurushi kimeisha Ijumaa usiku na mwenye hela ya kununua kingine yuko shamba Muheza mpaka Jumatatu? Hilo halimo kichwani mwake kabisa. Kwake yeye kukosa mtandao ni ajali. Kwetu ni kama mvua, inakuja, unajikunyata, inapita. Basi anaijaribu kazi yake kwenye mashine yake nono, kwenye mtandao wake usiokata, inafanya kazi vizuri sana, anaitoa kwa dunia nzima. Dunia nzima, anasema! Sisi nasi tunaipakua kwa MB za kununua, inazila MB hizo kwa kuongea na kwao usiku na mchana, na zikiisha hasira zake inazimalizia kwenye diski yetu.

Na hata kama ni lazima upige hodi milioni 10, weka basi kikomo kwenye barua zako. journald, inayotunza logi, yaani barua kama hizo za matukio, kwenye Linux nyingi, imejiwekea mpaka wa asilimia 10 ya diski na haivuki GB 4, bila wewe kuigusa. Python, lugha ya kuandikia kodi, inakuja na kifaa chake cha kuzungusha logi: ipe ukubwa wa juu na idadi ya nakala, umemaliza. Chrome huwapa viendelezi MB 10 kwenye hifadhi yao ya kawaida, na anayetaka zaidi aombe ruhusa. Viendelezi vya programu za kuandikia kodi haviombi. Vinakimbia na haki zote za mwenye mashine. Lakini wakubwa nao wamo. Logi za kawaida za Docker, inayoendesha programu kila moja ndani ya kasha lake, hazina kikomo mpaka ukiweke wewe, na aliyewahi kuamshwa usiku wa manane na seva iliyojaa ananielewa. Mwaka 2016 Spotify ya kompyuta iligundulika inaandika gigabaiti kwa gigabaiti diskini hata kama husikilizi kitu, mpaka ikatolewa toleo la kurekebisha.

Niliwaandikia wenye kiendelezi. Jibu lilikuja siku ya pili, fupi, la adabu. Kinafanya kama kilivyokusudiwa. Punguza kiwango cha logi kwenye mipangilio. Na hata hivyo diski siku hizi ni bei chee.

Bei chee wapi, kaka? Nilitaka kumtumia nauli aje tumwambie mhasibu pamoja. Halafu piga hesabu: kwa MB 720 kila saa, hata diski ya TB 1 inajaa ndani ya miezi miwili. Kwa hiyo ushauri ni kwamba ninunue ghala kubwa zaidi la kuhifadhia malalamiko yake. Ahsante sana.

Haya, nikubali machache, shingo upande. Kiendelezi ni cha bure. Bila logi ile nisingejua kilichotokea, ingawa kurasa mbili zingetosha. Na faili la mishahara halikupaswa kulala diski moja na majaribio yangu; hilo ni kosa langu mimi, na nimelala nalo wiki nzima. Mtaniuliza nakala rudufu. Mashine niliiacha ikiwaka wikiendi nzima kwa sababu hiyo hiyo, ili ipakie nakala rudufu mtandaoni. Kifurushi kikaisha njiani. Chekeni, nimeruhusu.

Sikukiondoa. Naona aibu kusema, lakini kinanisaidia. Nimekijengea kibanda tu: folda yake ya logi sasa iko kwenye tmpfs, hifadhi ya muda inayokaa kwenye RAM badala ya diski, iliyokatwa kwa MB 200. Kikijaza, kimejaza chake, na kuta za nyumba hazina habari. Folda ya ofisi nimeihamishia kwenye diski ya peke yake, GB 500, ile ya zamani ya kuzunguka, inakoroma kama babu. Nanyi mkiondoa kiendelezi chochote, kapekueni folda zilizofichwa, maana vingi vinahama na kuacha mizigo.

Mhasibu alirudishia saa zote za ziada kutoka kwenye daftari lake, lile kubwa lenye jalada gumu, ambalo miaka yote nimekuwa nikimtania nalo. Ilimchukua siku mbili, na mishahara ikachelewa mpaka jana.

Jana hiyo jioni, mkoba uko begani, akasimama mlangoni kwangu.

"Hodi."

"Karibu, mama."

"Yule mgeni wako umemfungia?"

"Nimemfungia."

Akaitazama taa ya kompyuta inavyopepesa, akanitazama mimi. Kisha akarudi mezani kwake, akachukua daftari, akalitia mkobani na kuondoka nalo.