Kila anayeumia Aprili ni wako

Aprili 2016 watu 100,189 walikwenda kwenye uwanja wa Ohio State kutazama Ohio State ikicheza na Ohio State. Mgeni hakuwapo. Kikosi kiligawanywa mafungu mawili, Nyekundu na Kijivu, wakacheza, wakapigiwa makofi, kisha wakarudi wote kwenye jengo lile lile kuoga. Ndivyo vyuo vya Marekani vinavyofunga mazoezi ya futiboli ya Kimarekani ya majira ya kuchipua, zaidi ya miezi minne kabla ya msimu kuanza.

Sisi tuliokulia kwenye kandanda tunaona jambo hili linachekesha kidogo. Simba ikiandaa Simba Day kila mwaka haijigawi ili ijifunge yenyewe. Inaalika klabu kutoka nje ya nchi, na ikizidiwa inajua wapi panavuja kabla ligi haijaanza. Kwa hiyo Deion Sanders, kocha wa Colorado, alipouliza mwezi Machi 2025 kwa nini chuo chake kisikaribishe chuo kingine kwa siku kadhaa za mazoezi ya pamoja na kumalizia kwa mechi, kama wafanyavyo NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, hakuwa ameuliza la ajabu. Fran Brown, kocha wa Syracuse, alimjibu hadharani kwamba wako tayari kwenda Boulder, mji wa chuo cha Colorado, siku tatu. Vyuo vikapeleka ombi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na Aprili kamati husika ikakataa. Sababu zilikuwa kwamba muda umekwenda na vyuo vingine vimeshamaliza mazoezi yao, kwamba wawili hao wangepata faida ya kuvutia wachezaji wapya, na kwamba wanafunzi wangekosa vipindi.

Nadhani hoja hii iliponzwa na aliyeitoa. Sanders anapofungua mdomo watu husikia tangazo la biashara. Ni yeye aliyeujaza uwanja wa Boulder kwa watu 47,277 Aprili 2023, theluji ikianguka, kwa mechi ya ndani ya timu iliyokuwa imeshinda mchezo mmoja tu msimu uliotangulia. Wengi wakahitimisha kwamba sasa anatafuta onyesho kubwa zaidi. Huenda ni kweli. Lakini tukimweka Sanders kando, linabaki swali la mazoezi, na wanaolipinga hulijibu kwa neno moja: majeraha.

Kwanza, kinachoruhusiwa. Chuo cha daraja la juu kina siku 15 za mazoezi katika majira hayo. Ni siku 8 tu wanazoweza kuangushana chini, na kati ya hizo zisizozidi 3 ndizo za kucheza mchezo kamili wa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Kwa maneno mengine, kuumizana kwa Aprili tayari kumeruhusiwa na kumewekewa kiwango. Hakuna aliyeomba siku ya 16. Kilichoombwa ni kubadilisha nani anasimama upande wa pili.

Sasa hesabu, na mtanisamehe kwa kukaa nayo kwa muda, maana sijaona wapinzani wakiigusa. Kila mpira unapoanzishwa, uwanjani kuna wachezaji 22. Mkicheza wenyewe kwa wenyewe, wote 22 ni wako. Goti likipinda, ni goti lako. Aliyelipinda naye ni wako, na Jumatatu mtakula naye meza moja. Mkicheza na chuo kingine, walio wako ni 11. Mpira ukianzishwa mara 100, mchezo wa ndani unawaingiza watu wako kwenye purukushani mara 2,200, na mchezo na jirani unawaingiza mara 1,100. Kocha anayekwambia amekataa mgeni ili kulinda afya ya kikosi chake amechagua njia ambayo, kwa kila mpira unaoanzishwa, ina miili yake maradufu chini ya rundo.

Kocha mkongwe ana jibu, na si jibu la kipuuzi. Atasema: hizo 1,100 zilizopungua ndizo mazoezi yangu. Nina vijana wa safu ya tatu wanaohitaji kugusa mpira, na nikicheza na mgeni nusu yao watakaa benchi. Hapo ana haki. Pia ukifuata mtindo halisi wa NFL, wa viwanja viwili kwa pamoja, washambuliaji wangu wakipambana na walinzi wako huku na washambuliaji wako wakipambana na walinzi wangu kule, basi wangu wamerudi kuwa 22 na nafuu yangu imeyeyuka. Hesabu yangu inasimama kwenye mechi ya uwanja mmoja tu. Hata hivyo mchezaji wa safu ya tatu anayemkabili mwenzake kwa siku ya kumi na tano anajifunza nini hasa? Anajua mwenzake ataanza na mguu upi. Anajua ishara za kocha. Amekariri mtu, na mtu huyo hatakutana naye Septemba.

Kuna utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Neurology unaostahili kuwekwa mezani. Watafiti walifuatilia wachezaji 658 wa vyuo sita vya daraja la kwanza kuanzia 2015 hadi 2019, helmeti zao zikiwa na vipima-mshtuko. Asilimia 72 ya mitikisiko ya ubongo ilitokea mazoezini, si kwenye mechi. Karibu nusu, asilimia 48.5, ilitokea katika mazoezi ya kabla ya ligi, kipindi ambacho ni takriban moja ya tano ya msimu mzima. Vichwa vinagongwa zaidi pale ambapo hakuna mtazamaji, hakuna matokeo na hakuna mgeni. Ni kweli utafiti huo ulihusu Agosti na msimu wenyewe, si Aprili, kwa hiyo siwezi kuubeba kama ulivyo. Lakini unaibomoa picha iliyo vichwani mwa wengi, kwamba mazoezi ya ndani ni salama na hatari huja na jezi ya rangi nyingine. NCAA yenyewe iliuzingatia: mwaka huo huo ilipunguza siku za kugongana katika mazoezi ya Agosti.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na ulio mzito kuliko wote una jina. Janga la korona lilipoahirisha msimu wa 2020, vyuo vya daraja la pili kwa ukubwa, FCS, vilicheza ligi yao majira ya kuchipua ya 2021. (Sanders mwenyewe alianza ukocha wa vyuo hapo, akiwa Jackson State.) Fainali ilikuwa Mei 16, Sam Houston ikaifunga South Dakota State 23 kwa 21. Mapema kwenye mchezo huo Mark Gronowski, kwotabeki wa South Dakota State, ndiye anayerusha mipira na kuendesha timu, alikatika kano ya goti. Akakosa msimu wote uliofuata. Kano ya goti huchukua kama miezi tisa kupona, na ukihesabu tisa kutoka Aprili unaangukia Januari, ligi imekwisha. Mchezaji akiumia Agosti unapoteza msimu mmoja. Akiumia Aprili unapoteza msimu ule ule, kwa mchezo usio na pointi hata moja.

Nikisoma kisa hicho huwa natulia. Kisha nakumbuka kwamba Gronowski aliumia kwenye fainali ya ubingwa, mwisho wa ligi nzima, si kwenye mechi moja ya mazoezi ambayo kwotabeki huvaa jezi ya rangi ya pekee na hakuna ruhusa ya kumgusa. Katika mechi za ndani sharti hilo lipo. NFL wanapofanya mazoezi ya pamoja, wanaowakimbilia makwotabeki huamriwa vivyo hivyo. Hakuna kinachozuia vyuo viwili kukubaliana.

Kinachonisumbua zaidi ni hasira. Mtu humwendea mgeni kwa moto asio nao kwa ndugu wa chumba kimoja. Agosti 2022 mazoezi ya pamoja ya Rams na Bengals, timu mbili za NFL, yalivunjika kwa vurugu, na Aaron Donald, mmoja wa walinzi hatari kabisa wa kizazi chake, akaonekana akizungusha helmeti za wapinzani mikononi. Hao ni watu wazima wenye mikataba ya mamilioni. Wape vijana wa miaka 19, bendi inapiga, uwanja umejaa. Kwa sababu hiyo sitaki kuona mahasimu wa jadi wakiwekwa pamoja Aprili, na sidhani kama makocha wao wangekubali.

Hofu ya kuibiwa wachezaji imepungua nguvu kuliko wanavyokiri wanaoitaja. Hadi 2025 dirisha la pili la uhamisho lilifunguliwa katikati ya Aprili, mazoezi yakiwa yanaisha au yamekwisha. Matt Rhule, kocha wa Nebraska, alifuta mechi yao ya ndani mwaka huo, mechi iliyokuwa imevuta zaidi ya watu 60,000 mwaka uliotangulia, akisema kuionyesha kwenye televisheni kulikuwa kama kuanika wachezaji wake sokoni. Alikuwa na hoja. Mwezi huo huo Nico Iamaleava, kwotabeki wa Tennessee, hakutokea mazoezini siku moja kabla ya mechi yao, chuo kikaachana naye, akaibukia UCLA. Lakini baadaye NCAA ililifuta dirisha la Aprili, ikabakiza la Januari peke yake kuanzia 2026. Kocha jirani anayemwona kijana wako Aprili hawezi kumsajili wiki inayofuata. Atamnong'oneza hadi Januari, utasema. Pengine, lakini angemwona Septemba vilevile, na miaka hii kila mchezo una kamera.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mechi ya ndani inakufa hata asipokuja mgeni. Makubaliano ya mahakamani yaliyoidhinishwa Juni 2025, yale yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, yaliweka pia kikomo cha wachezaji 105 kwa kikosi. Ukitoa wagonjwa, wanaouguza mabega tangu Desemba na waliohama Januari, kugawa kikosi mara mbili ni kazi. Safu ya mbele ya ushambuliaji pekee inadai watano kila upande, na akiba zao. Ndiyo maana vyuo vingi vimeishia kwenye vioja vya washambuliaji dhidi ya walinzi, ambapo ulinzi unapewa alama kwa kunyang'anya mpira na mtangazaji anatumia dakika kumi kueleza hesabu hizo. Texas iliachana na mechi hiyo 2025 baada ya kucheza michezo 30 katika misimu miwili. Wengine walifuata kwa sababu zao. Tusidhani basi kwamba tunachagua kati ya mgeni na desturi nzuri ya zamani. Desturi hiyo inaondoka yenyewe.

Michezo mingine ya vyuo inashangaa ugomvi huu wote. Timu za kandanda za wanawake na za voliboli, ambazo ligi zao ni za Agosti hadi Desemba, hukutana na vyuo vingine majira ya kuchipua kila mwaka, kwa idadi ya siku iliyopangwa. Shule za sekondari za Florida hucheza mechi za futiboli za Mei dhidi ya shule jirani. Mpira wa kikapu wa vyuo una mechi zake za majaribio kabla ya ligi. Mchezaji wa Florida anacheza na wageni mwezi Mei akiwa na miaka 16, kisha anafika chuo na kuambiwa jambo hilo haliwezekani.

Hoja ya vipindi vya darasani ilikuwa na uzito kwa Syracuse, ambao wangesafiri zaidi ya kilomita 2,000. Haina uzito kwa Michigan na Eastern Michigan, Ann Arbor na Ypsilanti, umbali wa basi la mji. Siku ni Jumamosi. Chuo kidogo ambacho hungoja hundi ya Septemba kwa kwenda kupigwa na kikubwa kingepata hundi ya pili bila kuharibu rekodi yake, na vijana wake wangepata mkanda wa video dhidi ya watu wakubwa.

Ningeruhusu, kwa masharti: mechi moja ya uwanja mmoja, ichukue nafasi ya moja kati ya zile siku tatu za mchezo kamili, wawe majirani, kwotabeki asiguswe. Ninachokiogopa ni kitakachofuata. Msimu wa kawaida ulikuwa michezo 11, mwaka 2006 ukawa 12 kwa kudumu. Ohio State, ikitwaa ubingwa wa msimu wa 2024 chini ya mfumo mpya wa mtoano wa timu 12, ilicheza 16. Kila nyongeza iliingia kwa jina la kistaarabu na haijatoka tena. Televisheni ikishauza matangazo ya mechi ya Aprili, atatokea mtu kamatini kuuliza kwa nini iwe moja na si mbili, na kwa nini kwotabeki anayelipwa mamilioni avae jezi ya kutoguswa mbele ya watu waliokata tiketi. Masharti hayo yaandikwe kwenye kanuni kabla ya mechi ya kwanza, wakati bado hakuna hata mmoja mwenye mkataba wa kuyapinga.