Kuziba EGR au kuitengeneza: ubishi unaoanza kabla ya kupima

Peleka dizeli yenye taa ya injini iliyowaka kwenye gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam au kule Kirinyaga Road, Nairobi, mwambie fundi kodi iliyosomeka, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari, ni P0401, ile inayohusu EGR, mfumo wa kurudisha moshi wa ekzosi kwenye injini. Jibu utalipata papo hapo: "Hiyo tunaiziba tu, mzee, inaisha leoleo." Fundi wa jirani atakwambia usithubutu kuziba, nunua valvu mpya. Wawili hao wanaweza kubishana mpaka jua lizame, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyefungua boneti.

Ubishi wenyewe ni wa haki, kwa sababu kila upande una hoja. Mfumo wa EGR huchukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha kwenye hewa inayoingia injini. Moshi huo umeshapungukiwa na oksijeni, kwa hiyo ukichanganyika na hewa safi, kilele cha joto ndani ya silinda kinashuka. Joto hilo kali ndilo linalounganisha naitrojeni na oksijeni ya hewani na kuzaa gesi za oksidi za naitrojeni, NOx kwa kifupi, ambazo huwasha njia ya hewa na kuwatesa zaidi watoto na wenye pumu. Wamarekani walianza kuufunga mfumo huu kwenye magari yao mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sasa dizeli ya kisasa isiyo nao ni ya kutafuta.

Upande wa wanaoziba una ushahidi wa kushikika. Fungua manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, ya Prado au Hilux ya D-4D lita 3.0 iliyotembea miaka mingi bila kusafishwa. Moshi wa ekzosi huleta masizi. Mpira unaovuta mvuke kutoka kwenye blok ya injini huleta oili. Vikikutana mle ndani vinagandamana kama lami, safu juu ya safu, mpaka tundu la kupitisha hewa linabaki nusu ya ukubwa wake. Injini inavuta hewa kwa shida, gari linakuwa zito kupanda mlima, moshi mweusi unafuka ukikanyaga mafuta. Fundi akikata kipande cha bati, akakibana kati ya gasketi na kufunga njia ya moshi, uchafu mpya hauingii tena. Akisafisha na manifoldi, gari linachangamka na moshi mweusi unapungua. Mteja anaondoka akicheka, na kwa kweli hajadanganywa: alichokiona kimetokea.

Tatizo liko kwenye kile asichoweza kukiona. Kwenye dizeli, masizi na NOx huvutana. Ukiongeza oksijeni na joto, masizi yanaungua vizuri na moshi mweusi unapungua, lakini NOx inapanda. Ukirudisha moshi mwingi zaidi, NOx inashuka na masizi yanaongezeka. Kwa hiyo mwenye gari lililozibwa anatazama bomba lake likitoa moshi mwepesi na kuamini amesafisha gari, wakati sumu isiyo na rangi ya kumshtua imepanda. Kipimo cha moshi kinachoangalia weusi tu nacho kitampa alama nzuri. Hapa ndipo hoja ya "mbona gari linatoa moshi msafi" inaponishinda kuikubali, ingawa naielewa. Anayeivuta hiyo hewa si mwenye gari, ni mama anayeuza matunda kwenye foleni.

Wanaoziba wana jibu la haraka: hata watengenezaji walikwepa. Ni kweli. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba takriban magari milioni 11 ya dizeli duniani yalikuwa na programu iliyotambua gari linapopimwa, ikalifanya litoe gesi kidogo wakati wa kipimo na nyingi barabarani. Yalipoitwa kurekebishwa huko Ulaya, wamiliki wengi walilalamika kwamba valvu za EGR zilianza kuharibika baada ya marekebisho, kwa kuwa sasa zilifanya kazi zaidi kuliko mwanzo. Halafu ikaja ya BMW mwaka 2018: magari ya dizeli yalishika moto Korea Kusini kwa sababu kipozeo cha EGR, kifaa kinachopoza moshi kabla haujarudi kwenye injini, kilivuja kulanti (maji ya kupozea injini), ikachanganyika na masizi, mchanganyiko ukawaka. Kampuni iliyaita magari takriban milioni 1.6 duniani kote yarudi kurekebishwa.

Lakini ukiutazama vizuri mkasa wa BMW, unaukosoa uzembe wa kutopima zaidi ya unavyoukosoa mfumo. Kipozeo kinachovuja hutoa dalili kabla. Kulanti inapungua bila tone kuonekana chini ya gari, moshi mweupe unatoka asubuhi na hauishi, ndani ya bomba la hewa kuna utando wenye harufu tamu. Fundi akiutia presha mfumo wa rejeta huku kipozeo kimefunguliwa upande mmoja, atauona uvujaji kwa macho. Kipozeo kilichovuja hakitibiwi kwa bati. Bati likifunga upande wa hewa tu, kulanti itaendelea kuingia kwenye ekzosi, nawe utaendelea kuongeza maji ukidhani gasketi ya silinda hedi imeungua.

Turudi kwenye P0401. Kodi hiyo inasema moshi unaorudi ni mchache kuliko kompyuta ilivyotarajia. Haisemi valvu imekufa. Njia inaweza kuwa imejaa masizi, mpira wa vakyumu (unaofyonza hewa ili valvu ifunguke) umepasuka, solenoidi (swichi ya umeme inayoruhusu vakyumu hiyo) haifungui, au sensa ya hewa ni chafu na inadanganya. Ndiyo maana wapo wanaonunua valvu mpya kwa bei ya kuumiza, wakaifunga, na baada ya muda taa ikarudi vilevile: njia ya moshi ilikuwa imeziba nyuma ya valvu, na hakuna aliyeigusa.

Kupima hakuhitaji miujiza. Kwa magari ya zamani yenye valvu ya vakyumu, kama yenye injini ya 1KZ-TE ya Toyota, pampu ndogo ya vakyumu ya mkono inatosha. Vuta vakyumu kwenye valvu, injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Valvu ikipanda na injini ikaanza kutetemeka, valvu na njia vinafanya kazi, hivyo kosa litafutwe kwenye mipira na solenoidi. Ikipanda na injini isibadilike, njia imeziba. Isipopanda, au ikashindwa kushikilia vakyumu, daiframu, ule utando wa ndani ya valvu, imetoboka. Kwa magari yenye valvu ya umeme, skana inayoonyesha data mubashara inafanya kazi hiyohiyo: iamuru valvu ifunguke, kisha tazama kiasi cha hewa kinachopita kwenye sensa ya hewa. Moshi ukiingia, hewa safi lazima ipungue. Namba isiposogea, moshi haupiti, hata kama skrini inasema valvu imefunguka asilimia mia.

Kusafisha nako kuna namna. Dawa ya kusafishia kabureta inalegeza masizi, ila mota ya valvu isilowe. Gasketi ziwe mpya, na kwa magari mengi ya kisasa kompyuta ifundishwe upya mahali valvu inapofungia. Fundi asiyetafuta chanzo cha masizi atakuona tena karibuni: nozeli zinazomwaga mafuta, mpira wa tabo unaovuja hewa, au safari fupifupi za mjini ambazo injini haipati joto lake kamili.

Tuamue basi. Kwa dizeli ya zamani yenye valvu ya vakyumu, mwenye gari akiwa kijijini, vipuri hakuna na kipozeo kimepasuka, sitamlaumu anayeziba pande zote mbili ili afike mjini, alimradi ajue ameahirisha kazi. Kuifanya dawa ya kudumu ni jambo jingine. Na kwa dizeli mpya zaidi, hasa zile za Mazda za SkyActiv-D ambazo Wakenya wanazipenda na kuzilaani kwa pumzi moja kwa sababu ya masizi, kuziba hakumalizi kitu. Kompyuta itaona hewa imezidi na kuwasha taa. Ili taa izimike inabidi programu ichezewe. Programu ikichezewa vibaya, chujio la masizi, ile DPF, linaweza kuacha kujisafisha kwa wakati. Ulianza na gharama ya kusafisha manifoldi, unamalizia kwa chujio.

Hoja kwamba mafuta mabaya ndiyo yanayoiua EGR, ambayo hutajwa kila mara, imepungua nguvu. Tangu Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Uchakachuaji upo, sawa, lakini huo unaua nozeli na pampu kabla haujaua EGR.

Anayenunua gari lililotumika naye ajue kwamba bati haliandikwi kwenye kadi ya gari. Kabla ya kulipa, mulika tochi kwenye maungio ya valvu na manifoldi, maana bati lililokatwa gereji mara nyingi huacha ukingo uliochongoka nje ya gasketi. Kisha unganisha skana na uiamuru valvu ifunguke. Hewa isipopungua, una sababu ya kuomba bei ishuke kwa gharama ya kufungua na kusafisha.